Siku Watani Walipoulilia Mlima

Shangazi wa Kijapani alipogoma kuhama, Mwanvita alisahau kwamba amekaa kwenye benchi la watu, akasimama. Waliokuwa nyuma yake walilalamika kwamba wanaona mgongo tu, na mgongo wa Mwanvita si wa kuchungulia pembeni. Hakukaa. Alibaki wima, mikono kiunoni, akimtazama yule mama mwembamba aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani, ameketi katikati ya barabara mbele ya katapila, na miguuni pake ameweka sahani ya maandazi.

"Si maandazi hasa," alisema Salum kwenye kipaza sauti. "Ni kitu chao cha soya, wanakikaanga. Lakini ukiona maandazi, basi ni maandazi."

Salum ndiye mwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video, pale Bigwa, karibu na njia ya kupandia mlimani. Jioni kibanda ni cha wanaume na mpira wao. Alasiri, wanawake wakishamaliza kuuza mboga na kabla chungu cha jioni hakijawaita, kibanda ni chao. Salum huchomeka flashi, hupunguza sauti za wenyewe, hushika kipaza sauti na kutafsiri. Kijapani hajui hata salamu. Anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na yakimpita kwa haraka anatia ya kwake. Hakuna aliyemlalamikia, maana ya kwake mara nyingi yalikuwa matamu zaidi.

Wanakijiji wa kwenye tamthilia ile aliwapa lafudhi ya milimani, ya kuvuta maneno kama mtu anayepanda na mzigo kichwani. Watu wa kampuni aliwapa Kiswahili cha vijana wa Dar, oya huku na mwanangu kule. Siku moja Mwanvita alimuuliza amejuaje nani aongee vipi.

"Sikiliza mwenyewe, Mama Yasmin," Salum alimwambia. "Shangazi akifungua mdomo, wale wa kampuni wanatazamana na kucheka. Mtu wa shamba anajulikana hata kwa Kijapani."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Shangazi ni mjane, ana nyumba ndogo ya wageni kando ya maji ya moto yanayotoka ardhini. Juu ya nyumba yake kuna kilima, na kilimani kuna mlango mwekundu usio na ukuta, na mbweha wa jiwe. Watu wa kijiji wanasema mbweha yule ni mjumbe wa mungu wa mpunga, na siku akihamishwa maji yatamfuata. Sasa kampuni imekuja na ramani. Inataka kusawazisha kilima, ijenge hoteli na maduka. Watoto wa kijiji walio mjini wamekubali wote, hata mtoto wa kaka yake Shangazi, kila mmoja kwa simu. Aliyebaki kukataa ni Shangazi, na sahani yake.

"Kumbe na wao wanatambika," alisema Mwanvita siku aliyomwona mbweha kwa mara ya kwanza. "Hawa Wajapani ni Waluguru waliopotea njia."

Kibanda kizima kilicheka, naye akacheka kuliko wote. Mwanvita alikuwa amejifunza kucheka upya ukubwani, kama wengine wanavyojifunza kushona.

Alikuwa hajafikisha hamsini. Ujana wake wote aliuacha Turiani, kwenye mashamba ya mume aliyeitwa Abdulmajid. Alipalilia mpunga wake, akakata miwa yake, akabeba tofali za nyumba yake mgongoni huku Yasmin wake yuko tumboni. Nyumba ilipopata bati na dirisha la vioo, Abdulmajid akaona sasa inafaa kuweka mke mpya. Mwanvita akapewa talaka, godoro na sufuria, akaambiwa nyumba ni ya mwanaume. Alikwenda kudai. Akaambiwa njoo kesho, na kesho hiyo haijafika mpaka leo. Mume akikuambia tujenge, muulize kwanza anajenga na nani.

Akarudi kwao Bigwa na godoro lake. Kwa Waluguru ardhi haipiti kwa baba, inapita tumboni mwa mama, na mama yake mdogo alimwonyesha kipande cha mteremko, chini kidogo ya msitu wanaouita Kwa Bibi. Pale akachonga matuta, akapanda karoti, njegere na vitunguu majani. Maji aliyapata kwenye chemchemi inayotoka msituni, kwa mfereji aliouchimba kwa mikono yake. Kwa mume unaweza kufukuzwa, alijisemea, lakini kwenye tumbo la mama yako atakufukuza nani? Asubuhi akiinuka kwenye matuta kunyoosha kiuno aliiona Morogoro yote chini yake, mabati yakimeta, naye amesimama juu yake kama mwenye mji.

Huyo Bibi mwenye msitu ni mama wa ukoo wao, wa zamani sana. Wanasema alikuja na jembe na kijinga cha moto, akazaa mabinti, akawagawia mlima, kisha akaingia msituni na hakuonekana tena. Kila kiangazi upepo wa kuzunguka unashuka kutoka kwenye miamba ukibeba majani makavu, na mtu mzima yeyote wa pale atakuambia ni Bibi anafagia uwanja wake. Ukikutana nao unasogea pembeni na kusema, "Pole na kazi, Bibi." Mwanvita alikuwa akisema hivyo kwa sauti. Bibi ndiye mwenye nyumba wa kwanza katika maisha yake ambaye hakumdai kitu.

Basi wiki ileile Shangazi alipokaa mbele ya katapila, Mjomba Stambuli alipanda mpaka kwenye matuta ya Mwanvita akiwa na mgeni. Mjomba Stambuli ndiye mkubwa wa ukoo, mzee mwenye kofia ya kufuma na fimbo yenye kichwa cha shaba. Mgeni aliitwa Bwana Abel. Alikuwa na tai, jambo ambalo kwenye mteremko ule halikuwa limewahi kuonekana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Naona karoti zimekubali."

"Zimekubali kwa maji ya Bibi."

Mjomba alikohoa kidogo, akaangalia mfereji. "Mwenzetu huyu anataka kutuletea maendeleo."

Mwanaume akitaja maendeleo, mwanamke mwenye akili anashika mkoba wake. Mwanvita hakuwa na mkoba, akashika jembe.

Bwana Abel alieleza vizuri, kwa upole, wala hakuwa mtu mbaya. Itajengwa loji ya watalii. Bwawa la kuogelea litakaa pale kwenye chemchemi, vyumba vitashuka kwenye mteremko, kimoja kitaangukia hapohapo kwenye njegere. "Na Bibi hatumtupi, mama. Tutamtengenezea sehemu yake karibu na geti. Kibanda cha makuti, na kibao chenye historia. Wageni wanapenda sana mambo hayo."

"Yeye ameulizwa?"

"Nani?"

"Bibi."

"Ndiyo maana Jumamosi tunatambika," Mjomba alidakia. "Tutamwomba asogee. Msituni anakaa peke yake, pale getini atapata watu wa kuongea nao."

Mwanvita alielewa yote kwa mara moja. Mkubwa wa ukoo akishamimina togwa chini ya mti wa Bibi na watu wakaitikia, neno limekwisha. Atakayebisha baadaye hambishii mjomba, anawabishia wafu. Na mpwa hamkemei mjomba wake mbele ya watu, hata mjomba akiwa amekosea mpaka kuku wanajua. Mzee mwenyewe hakuwa mwizi. Alikuwa ameahidiwa kwamba picha yake itatundikwa mapokezi, kubwa, na maandishi chini. Miaka yote hiyo amekuwa mkubwa wa ukoo na hakuna aliyewahi kumpiga picha ila ya kitambulisho.

Togwa ya Bibi hukorogwa na mabinti wa ukoo, wao tu. Mwanvita akazunguka kwa dada zake na watoto wa mama zake wadogo, nyumba kwa nyumba. Ikawa ajabu, maana siku ya kuloweka ulezi ilipofika mabinti wote wa ukoo wakaumwa mkono. Mmoja alijifunga kitambaa kabisa. Wakamtuma mtu akamwambie mjomba kwamba togwa haitawezekana.

Mjomba akasema hapana shida.

Hilo ndilo lililomtisha Mwanvita. Mzee asiyegombana ana jambo mkononi.

Alhamisi alikwenda kibandani akiwa na moyo mzito. Siku hiyo wanakijiji wa Kijapani walitoa ngoma zao kubwa na vinyago vya mbweha, wakacheza barabarani mbele ya katapila, wazee kwa watoto. Ilikuwa nzuri mno. Wanawake wakapiga vigelegele kama wako harusini. Kisha usiku ukaingia ndani ya tamthilia, watu wakarudi makwao, na Shangazi akabaki peke yake analia mbele ya yule mbweha wa jiwe. Kibanda kizima kikavuta makamasi.

Ambaye hakulia ni Rosa. Alikuwa nyuma kabisa, anatafuna karanga. Rosa ni Mkatoliki wa kijiji cha misheni kule juu, mkulima wa kabeji, na ukoo wake na ukoo wa Mwanvita ni watani tangu wazee wa wazee. Mtani wa Kiluguru si rafiki tu wa kutaniana. Yeye ndiye anayechimba kaburi lenu, ndiye anayewaiga wafiwa mpaka wacheke, ndiye anayeruhusiwa kusema mbele ya watu neno ambalo ndugu akilisema ataonekana hana adabu. Na ukimkasirikia mtani, unatozwa kuku.

"Naona ukoo wa walafi mmejaa mpaka mbele," Rosa alisema wakati wanatoka nje, ndiyo salamu yake.

"Na ninyi wezi wa kabeji nani kawafungulia?"

"Mnalia nini sasa? Wajapani shida yao naijua. Hawana watani." Rosa alipuliza maganda kiganjani. "Shangazi analia peke yake, na yule mtoto wa kaka yake aliyeuza kilima anakula wali kwa raha zake. Angekuwa na mtani, angeenda kumwagia maneno pale mezani, na kijana asingekuwa na pa kushika. Wamecheza ngoma vizuri, lakini hakuna aliyemtaja mwenye kosa kwa jina."

Mwanvita alisimama njiani. Akamtazama Rosa kama mtu aliyeona ufunguo wake kwenye shingo ya jirani.

"Mtani, kwetu kuna msiba."

Rosa aliacha kutafuna. "Kafa nani?"

"Bado. Anakufa Jumamosi asubuhi."

"Mgonjwa gani huyo anayejua ratiba?"

"Mlima," alisema Mwanvita, akamweleza yote: bwawa, geti, kibanda cha makuti, na togwa ambayo haikumtia mjomba wasiwasi.

Rosa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja kanga yake upya. "Na watani hatukuitwa. Stambuli anazika bila watani. Huyo mzee ana ujasiri, au amezeeka."

Jumamosi ukoo ulikusanyika Kwa Bibi, chini ya mti wenyewe, wanaume kwenye mawe na wanawake kwenye majani. Bwana Abel alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichopandishwa mlimani kwa ajili yake. Mjomba Stambuli alisimama na kofia mpya. Mkononi alikuwa na kibuyu, na kibuyu kilikuwa kimejaa. Mwanvita akajiuliza kimejazwa na nani, lakini wa kumuuliza mjomba hakuwepo.

Mzee alipoinua kibuyu tu, kilio kikasikika kutoka juu.

Kilikuwa kilio kikubwa, cha watu wengi, cha msiba wa chifu. Wanawake na wanaume wa ukoo wa Rosa walikuwa wanateremka kati ya migomba, mikono kichwani, wengine wamejipaka majivu, wengine wanajitupa chini na kuinuka tena. "Mlima wetu, umetuacha na nani? Mlima wetu, jana tu tulikuona umesimama!" Nyuma yao mama mmoja mnene alivaa kofia ya kufuma na kushika muwa badala ya fimbo, anatembea kwa maringo ya Stambuli bila kupunguza hata hatua. Mwingine alijifunga tai ya jani la mgomba na kila baada ya kidogo anapima ardhi kwa kamba, akianguka kwenye mfereji usiokuwepo.

Watu wa ukoo walijaribu kujizuia. Walishindwa upesi.

"Hawa ni nani?" Bwana Abel aliuliza.

"Watani," alisema Mjomba, kwa sauti ya mtu aliyeona mvua na nguo zake ziko kambani.

Rosa alilala chali palepale penye chemchemi, akanyoosha miguu. "Kaburi litakuwa refu hivi. Naambiwa ni la kuogelea. Maiti wa siku hizi wanaoga." Akainuka, akamwendea mzee. "Stambuli, pole na msiba. Marehemu aliugua nini?"

"Rosa, hakuna msiba hapa. Tunatambika."

"Mnatambika bila mtani kufagia njia? Basi nipe nionje kama mmepika kitu cha maana." Kabla mzee hajajibu, kibuyu kilikuwa mdomoni mwa Rosa. Mtani akichukua kitu hajaiba. Alimeza, akalamba midomo, akafikiri sana, kama mganga.

"Ina sukari ya dukani. Mkono huu siujui. Mwanvita, umekoroga wewe?"

"Mimi mkono unaniuma, mtani."

"Na wewe hapo mwenye kitambaa?"

"Unaniuma mpaka begani."

"Ukoo mzima mnaumwa mkono, na kibuyu kimejaa. Stambuli, kakoroga nani?"

Mjomba aliangalia juu ya miti, kama anayesubiri mtu atokee huko. Pembeni alikaa mke wake, Bi Asha, mtu wa Dumila, mpole, asiyejua kuficha. Macho yote yakamwendea.

"Mimi niliambiwa ni ya wageni," alisema Bi Asha. "Ningejua ni ya Bibi yenu nisingeigusa. Mimi na yeye hatujuani."

Kicheko kilichopasuka kilishtua ndege. Lakini ndani ya kicheko kila mtu wa ukoo alikuwa amesikia, na Rosa alingoja kitulie ndipo akasema taratibu, bila mzaha wowote usoni. "Stambuli. Unamwambia bibi yako ahame nyumbani kwake, kwa togwa ya mke wako, nyuma ya migongo ya mabinti zake, ili picha yako itundikwe ukutani. Kama umeshindwa kumwangalia usoni, ungemwachia mlima wake."

Neno lile Mwanvita alikuwa amelala nalo wiki nzima. Alilisikia likitoka kwenye mdomo wa mwingine, likaenda mpaka lilipokuwa linatakiwa kufika, na yeye akiwa amekaa tu kwenye majani na adabu zake zote.

Mjomba akanyanyua fimbo. "Rosa! Utani una mipaka!"

Kisha mama mwenye kofia ya kufuma akanyanyua muwa wake vilevile, akakunja uso vilevile, na ukoo mzima wa watani ukaitikia kwa pamoja, "Kuku!"

Mzee akatazama fimbo yake hewani. Akatazama ule muwa. Kicheko kilimwanzia mabegani, kikashuka, mpaka akakaa kwenye jiwe na kuivua kofia mpya ajifutie macho. Alipomaliza alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua gunia ambalo hakumbuki nani alimtwisha.

"Mabinti zangu," alisema, akiwatazama wanawake kwenye majani, "mtanikorogea togwa ya Bibi kuhama?"

Hakuna aliyejibu. Mwenye kitambaa alikaza fundo.

"Bwana Abel," alisema Mjomba, "ukoo umekataa."

"Lakini mzee, mimi sijamsikia mtu akikataa."

"Ndivyo tunavyokataa." Akaongeza, kwa sauti ya kusikika na kila mmoja, "Na tangu leo asije mtu kuniuliza mimi habari ya hapa. Hapa pana wenyewe. Amuulize Mwanvita na dada zake."

Kibuyu kilizunguka kwa watani mpaka kikakauka, na Bwana Abel naye akapewa, akakiri kwamba sukari imezidi kweli. Yule mtani mwenye tai ya jani alimvua Bwana Abel tai yake ya kitambaa na kumfunga ya mgomba. Akaondoka nayo, anacheka, akisema atatafuta mahali tambarare pasipokuwa na bibi. Rosa akamwambia akipaona aje awaonyeshe, maana wao hawajawahi kupaona.

Kuku wa faini alichinjwa, wali ukapikwa, Waislamu na Wakatoliki wakala sinia moja. Jua lilipoanza kuelemea upande wa mlima wa Mindu watani wakaaga. Njia yao ya kurudi juu ilipita kwenye matuta ya Mwanvita, na mtani hapiti kwenye shamba la mtani wake mikono mitupu. Rosa aling'oa karoti ya kwanza akaifuta kwenye kanga. Mwingine akaingia kwenye njegere. Mama wa kofia akafungua kanga yake ya pili chini na kuijaza vitunguu majani.

Mwanvita alikuja mbio. Shamba alilolipigania wiki nzima lilikuwa linahama mbele ya macho yake, mkono kwa mkono, na waliolihamisha ndio waliolikomboa.

"Rosa! Hata za mbegu?"

"Umekasirika?" Rosa aliuliza, mdomo umejaa. Wote wakaacha kung'oa, wakamgeukia kwa matumaini.

Mwanvita alikuwa na kuku mmoja tu, na anataga. Akakaa chini kwenye udongo wake mtupu, uliofukuliwa, uliolowa maji ya mfereji, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, huku watani wanapanda mlima na mboga zake wakiimba. Walipotokomea kwenye migomba alijipangusa, akavuta jembe, akaanza kusawazisha tuta la kwanza. Msimu ulikuwa bado mrefu.